Sitalilia Yago

Kondele, Kisumu
2 Machi 2025

Wifi Adongo,

Najua salamu hutangulia, lakini leo nitaziruka na utanisamehe. Mdogo wako bado yumo majini. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu boti ya mchanga izame mbele ya ufuo wa Usoma.

Rambirambi zako zilinifikia kwa simu ya yule nahodha anayewaletea mboga. Kwa kuwa huko kisiwani kwenu hakuna mtandao, nakuandikia barua kama watu wa zamani. Nitaipeleka kwa basi la Dar, na nahodha huyo ataipokea huko.

Mambo yako hivi. Wenzake watano waliruka wakaokolewa. Wote wanasema neno moja: Frankline alishuka chumba cha injini kuangalia pampu, na boti ikalala ubavu kabla hajapanda. Wapiga mbizi waliletwa. Walizama siku mbili, wakatoka na matope hadi kwenye nyusi, wakasema huko chini mtu haoni hata kiganja chake. Siku ya tatu wakafunga mizigo. Lakini boti haijapotea, wifi. Wavuvi wanapajua mahali, nyavu zao hunasa pale pale kila wiki. Ni mita kumi na moja tu. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa muuza chapati ni mbali kuliko hapo.

Sasa Mzee Laban, baba yako mkubwa, ameitisha kikao huko nyumbani Seme. Wanataka kuzika yago. Wewe ni wa huko, huhitaji kuelezwa, lakini mimi Mbukusu nilieleweshwa polepole kama mtoto wa chekechea: ziwa likimeza mtu na lisimrudishe, linachumwa lile tunda refu zito linaloning'inia mtini, linavalishwa nguo zake, linalazwa ndani ya jeneza, linaliliwa, linafukiwa. Baada ya hapo mtu amezikwa. Hakuna anayemtafuta tena.

Niliwaambia mbele ya wote kwamba sitalilia yago. Mimi niliolewa na mtu mwenye mikono iliyonuka dizeli, aliyekuwa akikoroma na kukataa kwamba anakoroma. Wakinionyesha huyo, nitalia hadi majirani wahame. Wakinionyesha tunda, nitarudi kwenye cherehani yangu.

Ukutani kwangu iko picha yako, mitungi ya hewa mgongoni, miwani ya maji kwenye paji la uso, unacheka. Frankline alikuwa akiwaonyesha wateja wangu: "Huyu dada yangu anatembea chini ya bahari." Basi njoo utembee hapa. Njoo umtoe.

Wifi yako,
Nasimiyu


Kisiwani, kusini mwa Mafia
11 Machi 2025

Wifi yangu Nasimiyu,

Barua yako nimeisoma nimeketi juu ya mitungi, upepo ukitaka kuninyang'anya. Pole. Nalia kila nikikumbuka kwamba sikumzika mama, na sasa Frankline.

Lakini nisikilize kwa utulivu. Maji ya huku si kama ya huko. Huku matumbawe yamesimama kama bustani, ya manjano, ya zambarau, na samaki wa rangi ambazo hata wewe huna uzi wake. Mgeni akishuka mita ishirini bado anaweza kusoma saa yake. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Ziwa letu ni uji. Chini yake ni tope laini ambalo ukiligusa linapanda na kukufunika. Hata mzamiaji hodari hawezi kuingia chumba cha injini kilicholala ubavu katika hali hiyo. Anaweza asitoke.

Tena huu ni msimu wa wageni. Wamejaa kila kitanda, na mimi ndiye ninayetegemewa. Mikono imechubuka kwa sabuni na chumvi, hata kalamu naishika kwa shida.

Wazee si wabaya, wifi. Yago hutuliza nyumba. Baba Mkubwa amezika wengi waliochukuliwa na ziwa, na anajua anachokifanya. Wakubalie tu. Mungu anajua kwamba unamzika Frankline na si tunda.

Nisalimie wote Kondele.

Wako,
Adongo


Kondele
19 Machi 2025

Adongo,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu imeninukia uoga. Samahani, lakini sikuolewa katika ukoo wenu nijifunze kusema uongo kwa adabu.

Kikao cha pili kilikuwa jana. Mzee Laban alizungumza kwa upole, sina la kumlaumu hapo. Alisema, "Nyathina, mtoto yangu, ziwa ikichukua, imechukua. Mimi ni chairman wa hii beach for eighteen years, najua. Hakuna mtu hutoka kwa hiyo matope. Wacha tupatie huyu kijana nyumba yake alale."

Nikamwambia, "Baba, nyumba yake anayo. Ni chuma, iko chini ya maji na mlango uko wazi. Kwa nini tumjengee nyingine?"

Wanawake wakaniambia kwamba nimechanganyikiwa. Wametia tarehe: Jumamosi hii, tarehe ishirini na mbili.

Nikaondoka hapo nikaenda Mamboleo, kwa Bwana Ravinder, yule mwenye karakana aliyemfundisha Frankline injini. Kile chumba alikichomelea yeye mwenyewe. Mzee wa watu aliondoa sufuria za chai mezani, akachukua karatasi ya kaki, akanichorea: mlango, ngazi ya vipandio vinne, injini katikati, pampu nyuma upande wa kulia, tangi la mafuta kushoto. Kisha akaigeuza karatasi ubavu, jinsi boti ilivyolala, akachora tena. Alisema, "Mtu akiweka hii kwa kichwa, hahitaji macho." Nakutumia michoro yote miwili.

Sasa nijibu swali moja tu, na uache matumbawe na bustani. Unaogopa nini?

Nasimiyu


Kisiwani
27 Machi 2025

Nasimiyu wifi yangu,

Leo ni Alhamisi, Jumamosi yenu imeshapita, na sijui kama naandikia nyumba iliyokwisha kuzika. Lakini umeuliza, na nimechoka kujificha.

Mimi si mpiga mbizi. Sijawahi kuwa. Miaka minne niliyokaa huku naosha suti za wageni kwa maji matamu, nabeba mitungi kutoka botini, nahesabu mapezi yasipotee. Ile picha nilivalishwa na Fabian, mzamiaji mkuu wa hapa, wiki yangu ya kwanza. Tulipiga, tukacheka, nikavua, nikarudi kwenye beseni. Niliituma nyumbani kwa mzaha. Frankline akanipigia akipiga kelele za furaha, akawaambia watu wote, na mimi nikakosa ujasiri wa kumrekebisha. Kila nikija likizo aliniuliza habari za chini ya bahari, na nikamsimulia nilizosikia kwa wageni wakivua viatu.

Sasa unajua. Ninaogopa kwamba mdogo wangu alikufa akijivunia mtu ambaye hayupo.

Kama yago limezikwa, niambie, nami nitainama nikubali. Kama bado, nisikie vizuri: hoteli inafungwa Aprili na Mei kwa ajili ya mvua. Wageni wanaondoka, Fabian anabaki kulinda vifaa, na mimi nabaki kuvisafisha. Jana nilimwonyesha michoro ya Bwana Ravinder. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Dada Adongo, kwa kazi hii mtu huhitaji mwaka." Nikamwambia ninayo miezi mitatu. Hakucheka. Alichukua miwani moja ya kuzamia, akapaka vioo vyake rangi nyeusi ya boti, akaianika juani.

Usiniite wifi mwongo. Au niite, lakini nijibu.

Adongo


Kondele
5 Aprili 2025

Wewe wifi mwongo,

Nilicheka hadi mteja akauliza kama niko salama, halafu nikafunga kibanda nikakasirika siku mbili nzima. Miaka minne! Mimi nimeshona sare za shule huku nikiwahadithia watu kuhusu papa uliyekutana naye. Yule papa alikuwa wa nani? Wa Mjerumani gani?

Basi. Nimemaliza kukasirika. Kwa kweli nakuamini zaidi leo kuliko zamani, kwa sababu anayeosha vifaa miaka minne anajua kila kamba yake, na aliye na aibu kama yako atajifunza upesi.

Kuhusu yago usijali. Mvua imeanza, njia ya Seme haipitiki vizuri, wazee wameahirisha. Wewe kaza moyo ujifunze.

Na Adongo, Frankline hakuwa mjinga. Siku moja aliniambia, "Dada yangu akisimulia bahari, hasemi kamwe masikio yanauma, na kila mzamiaji husema masikio yanauma." Alijua, au alishuku. Aliendelea kuwaonyesha watu picha hata hivyo. Chukua hilo ufanye unavyotaka.

Wifi yako bado,
Nasimiyu


Kisiwani
18 Mei 2025

Wifi,

Masikio yanauma. Nimeona nianze na hilo.

Niko kwenye matumbawe ambayo watu huvuka dunia kuja kuyaona, na sijayaona. Kila asubuhi navaa miwani iliyopakwa rangi, Fabian ananishika mkono, tunashuka. Giza tupu. Nasikia pumzi yangu na mlio wa samaki wanaotafuna miamba. Nashika kamba kwa mkono wa kushoto, wa kulia unatafuta. Siku za kwanza nilipanda juu nikilia, nimekunywa chumvi, nikimtukana Fabian kwa Dholuo, naye akiniitikia "ahsante" kwa kila tusi. Ananiambia jambo moja tu: "Pumua kwanza. Mengine baadaye."

Ufuoni tumejenga chumba cha injini kwa makuti na mapipa, kimelala ubavu kama Bwana Ravinder alivyochora. Naingia nikiwa nimefungwa macho, kwa magoti, kwa tumbo, mbele na kinyumenyume. Kipandio, kipandio, tangi, injini, pampu. Fabian huficha ovaroli kuukuu mahali fulani, nami natakiwa niipate na kutoka kabla hajahesabu mia nne. Mara kumi na moja za kwanza sikutoka. Wiki hii nimetoka mara tisa mfululizo. Kisha tukakizamisha kile chumba kwa mawe, mita nane, na nikaanza upya kwa kushindwa.

Jana Fabian alinivua ile miwani tukiwa chini akanivalisha ya kawaida, kwa zawadi. Nilitazama dakika moja nikairudisha ya rangi. Ni pazuri, wifi, pazuri kabisa, lakini nilihisi kama mtu anayekula karamu na wenzake wako msibani.

Meneja amerudi. Nilimwomba siku kumi za Julai. Amekataa, kwamba wageni wanakuja na mimi ni mwoshaji. Nikamwambia naondoka tarehe mosi, anifute kazi au asinifute. Fabian anakuja nami kwa likizo yake mwenyewe. Tutabeba mitungi minne iliyojaa, kwa sababu Kisumu hatujui nani atatujazia. Minne tu. Mtungi mmoja kwa mtu mmoja, mara mbili, halafu basi.

Uliza wazee kama wataruhusu.

Adongo


Kondele
2 Juni 2025

Wifi,

Sikuwauliza. Niliwaarifu.

Mzee Laban amesema hakuna boti ya ufuo wake itakayobeba mwanamke kwenda kutafuta maiti. "Nimesema hapana, na hapana yangu haina spare." Vizuri. Bwana Ravinder anayo boti yake ndogo ya kuvulia Jumapili, ataendesha mwenyewe na kilemba chake. Polisi nimewaendea mara sita. Mara ya sita yule mkubwa wao alisaini ili nisirudi mara ya saba, na atatuma maofisa wawili wasimame nchi kavu na mfuko wao.

Sharti langu ni moja. Usipitie Seme. Njooni moja kwa moja Kondele, mlale kwangu, na mkimaliza muondoke kutoka kwangu. Usiniulize kwa nini.

Njoo na nguo za baridi, majira haya ziwa lina upepo asubuhi.

Nasimiyu


Kisiwani
22 Julai 2025

Nasimiyu,

Tumefika salama. Meneja hakunifuta. Amenipa vyoo vya wageni mwezi mzima, na ninaviosha nikiimba kwa sauti ili ajue.

Siku zile nne hatukupata nafasi ya kuzungumza, watu walikuwa wengi mno, na wewe ulikuwa umesimama kwenye ile boti kama askari. Sasa nitakuambia, kwa sababu kuna kitu nilikuficha pale.

Mtungi wa kwanza uliisha bure. Tulikuwa upande usio wenyewe, tope lilipanda, nikashika chuma nisichokijua. Ndipo uliponiona nimetoka mikono mitupu na ukaniambia, "Pumzika, halafu rudi." Hukusema tuache. Ningeacha, wifi. Ungesema tu neno, ningeacha.

Mtungi wa pili, Jumapili, mkono wangu ulipata kipandio. Kuanzia hapo sikuwa tena ziwani, nilikuwa kwenye makuti yetu ufuoni. Kipandio, tangi, injini. Fabian alibaki mlangoni akishika kamba. Nikaifikia pampu, na nyuma yake nikashika kitambaa kizito, na mgongoni mwa kitambaa nikahisi kiraka chako cha mraba, kile ulichoshona kwa uzi wa nailoni mara mbili. Nikamwambia kwa Dholuo, ndani ya kipumulio, kwamba ni mimi. Mengine uliyaona mwenyewe tulipomleta juu na polisi wakafungua mfuko ufuoni.

Pale botini uliniuliza kama mlango ulijifunga, nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ukuta kwa ukuta. Hakukuwa na kitu kilichomzuia kutoka. Spana yake ilikuwa bado imefungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono, kama alivyokuwa akiifunga, nayo ilikuwa kwenye vali ya pampu. Alikuwa akiizungusha. Nadhani maji yalimkuta bado anaizungusha, na kwa hizo dakika wenzake walipata muda wa kuruka.

Sikujua kama ungetaka kulijua hilo mbele ya watu.

Mate waliyonichukua hospitali ya Kisumu yamepelekwa kupimwa. Wakithibitisha kwamba ni damu yetu, watakupa umzike. Usinisubiri, sina siku nyingine za likizo. Mzike vizuri.

Adongo


Kondele
3 Agosti 2025

Adongo wifi yangu,

Mpumbavu wangu. Mlango wazi, na yeye anazungusha vali! Nilirusha mkasi ukutani, ukavunja kioo cha picha yako, nitanunua kingine. Nilimkasirikia kama yuko hapa anasubiri chai. Wiki nzima nimemwuliza: hao watano uliwahesabu, mimi mbona hukunihesabu? Halafu jana nilimwona mmoja wao sokoni amebeba mtoto mgongoni, nikashindwa kuendelea kukasirika. Lakini sijamsamehe kabisa. Nikimsamehe nitakujulisha.

Majibu yametoka. Ni yeye.

Sasa na mimi nikiri, maana kama ni uongo tumeshapokezana vya kutosha. Yago lilizikwa. Walilizika ile ile Jumamosi ya Machi, mimi nikiwa nimejifungia hapa Kondele na kufuli kwa ndani. Mvua haikuahirisha chochote. Nilijua nikikuambia utainama ukubali, ulisema mwenyewe. Ndiyo maana nilikukataza kupitia Seme: ungeliona kaburi na jina lake.

Nilikwenda kuwaambia wazee kwamba nina mwili. Mzee Laban akasema mtu hazikwi mara mbili, kaburi la pili la jina moja huita kifo kingine nyumbani. Akapendekeza nimzike makaburi ya mjini. Wengine wakasema nimrudishe kwetu Bungoma. Wamefunga lango kwa waya.

Miezi yote hii sikuwahi kuogopa. Leo naogopa, wifi. Nimemtoa kwenye tope na sina mahali pa kumlaza.

Nasimiyu


Kisiwani
12 Agosti 2025

Nasimiyu,

Ulinidanganya vizuri kuliko nilivyokudanganya. Ningekuwa hapo ningekukumbatia kisha nikupige.

Hakuna kaburi la pili. Lipo moja, na lina kitu ambacho si chake. Chimba.

Mimi Adongo, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, nakupa ruhusa kwa maandishi, na barua hii umwonyeshe yeyote anayejua kusoma. Wasomee pia wale watano ile barua yangu ya Julai, wote, neno kwa neno, hasa pale pa vali. Halafu waulize kama wana kazi Jumamosi.

Adongo


Kondele
7 Septemba 2025

Wifi yangu,

Tumemzika Frankline Jumamosi ya wiki iliyopita, yeye mwenyewe.

Nilikwenda kwa kila mmoja wa wale watano nikamsomea. Mmoja alinizuia katikati akatoka nje, akarudi, akasema niendelee. Jumamosi walikuja wote, kila mtu na jembe lake. Bwana Ravinder alileta jeneza kwa pikapu. Mzee Laban alikuwa ameweka kiti langoni.

Akaniambia, "Nyathina, hii kaburi iko na mtu. Ukifungua, itataka mwingine."

Nikamwambia, "Ikitaka mwingine, Baba, ichukue mimi. Niko hapa, jina langu unalijua. Lakini leo huyu analala kwao."

Akawatazama wale watano. Nadhani alikuwa hajawahi kuwaona pamoja tangu ile siku. Hakufungua lango, lakini alisogeza kiti, nasi tukakata waya tukaingia.

Nilipiga jembe la kwanza mimi. Walipofika kwenye sanduku niliwaambia wasimame, nikashuka. Yago lilikuwa limevaa koti lake la harusi, Adongo, lile nililolitafuta tangu Machi nikidhani limeibiwa. Nililifungua vifungo kimoja kimoja, nikalivua. Tunda lilikuwa jeusi, zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Walitaka kunisaidia nikakataa. Nililibeba hadi nje ya ua, nikalitupa kichakani, nikarudi nikanawa mikono. Kisha tukamshusha Frankline, koti juu yake, na nililia kwa namna ambayo wanawake wa Seme wataieleza kwa miaka. Hakuna aliyesema nimechanganyikiwa.

Mzee Laban hakutupa udongo. Alipotea kabla hatujamaliza, nikajua nimevunja kitu ambacho hakiungwi.

Jana alikuja hapa Kondele peke yake. Alisimama kibandani hadi mteja wangu wa mwisho akaondoka, akakalia ile stuli ya kupimia watoto. Akaniomba niandike, kwa sababu miwani yake haimfai tena, na akasema niandike kwa Kiswahili changu, wewe utaelewa. Haya ndiyo aliyosema:

"Adongo, mtoto ya ndugu yangu. Mimi nilikunyima boti, na bado nasema haikuwa vizuri mwanamke aende. Hiyo nimemaliza. Kuna Ouma, ndugu yetu ya mwisho, hukumjua. Ilikuwa mwaka ya ninety-four. Tulikuwa boti moja, mimi nikarudi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Yago yake mimi mwenyewe ndiye nilipanda mti nikachuma, kwa sababu walisema mkubwa ndiye huchuma. Sijui kama kuna kitu imebaki. Mahali napajua. Hii miaka yote, nikifika hapo nazima injini, boti inapita pole pole yenyewe. Uniambie ni lini unaweza kuja."

Nilimsomea alichosema, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Nikamwuliza wazee wenzake watasema nini siku atakapotaka kaburi la Ouma lifunguliwe. Alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia yake.

"Jembe niko nayo," akasema.

Wifi yako,
Nasimiyu